Kuku wa Shukrani

Kwaru. Kwaru. Halafu kimya. Halafu tena: kwaru.

Yasinta alikuwa macho kabla ya jogoo wa kwanza wa Mandewa, pembeni mwa mji wa Singida, anasikiliza kucha za kuku zikikwaruza sakafu ya saruji pale sebuleni. Alimfunga kwa kamba ya katani kwenye mguu wa meza anayosahihishia madaftari, na kuku, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kukanyaga kitu kigumu namna ile, alikuwa anatafuta udongo wa kuchakura. Kwaru. Hakuna udongo. Anahamia upande mwingine wa meza. Kwaru.

Kitandani Festo, mwanawe wa miaka mitatu, alijigeuza na kumpiga mama yake teke la usingizini. Baba yake Festo alikuwa Itigi, kazini reli, kwa hiyo hakukuwa na mtu mzima wa kumwambia jambo lolote. Ilikuwa Jumamosi. Kuku alikuwa ametimiza siku mbili mle ndani, na Yasinta alikuwa hajamchinja, hajamfungulia, hajampa mtu. Jana alitaga yai chini ya meza, Festo akalishangilia kama sikukuu. Mama mtu akalifunga kwenye kitambaa na kuliweka juu ya kabati. Asingeweza kulila. Hata kulitazama aliona aibu.

Kama yule mzee aliyemleta kuku angekuja kumtukana, Yasinta angejua la kufanya, maana mdomo alikuwa nao. Lakini mzee alikuja kushukuru.

*

Yasinta alifundisha darasa la pili katika shule moja ya msingi iliyo nje kidogo ya Mandewa, kule nyumba za mji zinakoishia na mawe makubwa yanakoanzia. Kwao ni Kilimatinde, Mgogo, mwembamba, na ana sauti ambayo mwili ule huwezi kudhani umeibeba. Akifundisha hakai. Anahesabu kwa makofi, anasomesha kwa nyimbo alizotunga mwenyewe akifua nguo, na swali analirusha kama mpira wa makaratasi: atakayedaka kwanza ndiye mwenye sifa.

"Haraka haraka! Nani? Nani? Simoni! Safi sana! Mpigieni Simoni makofi matatu!"

Watoto walimpenda, wazazi walimpenda, na wapita njia walikuwa wanapunguza mwendo dirishani kwake. Mwaka uliotangulia, yaani tisini na tatu, walipelekwa semina mjini siku tatu. Mkufunzi akachora masanduku manne ubaoni akaandika ndani yake aina za watu: mchangamfu, mkali, mtaratibu, mwoga. Akasema mwalimu naye ana aina yake, na huingia nayo darasani hata kabla hajashika chaki. Yasinta alijiona papo hapo kwenye sanduku la kwanza, akafurahi kama aliyeona jina lake gazetini. Karatasi ya stensili waliyogawiwa akaikunja akaitia kwenye pochi. Masanduku mengine hakuyasoma.

Aliporudi shuleni akatunga aina zake mwenyewe, mbili tu. Wapo watoto redio na wapo watoto kufuli. "Redio unabonyeza, inasema," aliwaeleza walimu wenzake ofisini. "Kufuli sasa! Kufuli limefungwa, na ufunguo baba yake kaenda nao machungani."

Ofisi nzima ilicheka, isipokuwa Mwalimu Antipasi wa darasa la nne, aliyetabasamu tu. Huyu alikuwa mzee aliyebakiza miaka miwili kustaafu. Akishauliza swali darasani kwake, alikuwa anageuka dirishani, anaweka mikono nyuma, anatazama mawe. Anangoja. Unaweza kupita, ukaenda kunywa maji, ukarudi, bado anatazama mawe.

"Mwalimu Antipasi, darasa lako kama msibani," Yasinta alimtania. "Nikipita pale natamani kutoa pole."

"Na lako ni harusi," mzee alijibu. "Si vibaya. Lakini, mwanangu, harusini wapo wasiocheza ngoma. Hao chakula wanapata?"

Walicheka tena, na Yasinta ndiye aliyecheka zaidi.

Eliana alikuwa kufuli. Binti wa Mzee Alute, Mnyaturu mfugaji wa nyuma ya mawe, ana miaka minane, anakaa dawati la tatu ukutani pamoja na Theresia. Ukimuuliza, anainamisha macho sakafuni, midomo inacheza kidogo kama mtu anayehesabu mbuzi wakiingia zizini. Anapokuja kuinua uso, Simoni amekwisha jibu na makofi matatu yamekwisha pigwa. Siku moja walikuwa wanasoma kitabu kwa sauti, mwalimu anatangulia, darasa linafuata. Wenzake walifungua ukurasa mpya, lakini kidole cha Eliana kilibaki palepale katikati ya ukurasa wa nyuma.

"Wewe Eliana, uko wapi? Wenzako treni imefika Dodoma, wewe bado uko Manyoni!"

Darasa likaangua kicheko. Eliana akatoa kidole.

Ikaja Juni, siku ya kufunga shule. Ripoti zilikuwa hamsini na nane, na usiku uliotangulia Festo alikuwa na homa. Yasinta aliandika akiwa amempakata, kalamu mkono mmoja, mtoto mkono mwingine. Pale penye maoni ya mwalimu alimpa kila mtoto neno moja au mawili. Mchangamfu. Mtundu. Anajitahidi. Alipofika kwa Eliana hakufikiri hata kidogo. Aliandika: *Hasikii.* Akachukua ripoti iliyofuata.

Kwao Kilimatinde hilo ni neno la kila siku. Mama yake alilitumia kwa mbuzi, kwa vifaranga, na kwa Yasinta mwenyewe alipokuwa mdogo. Mtoto hasikii: ukimwambia haendi, ukimwita haji mbio. Hakuna aliyewahi kulisikia neno hilo akafikiria masikio.

*

Mzee Alute alifika shuleni Alhamisi, saa ya mapumziko, amevaa koti la mitumba lililofungwa vifungo vyote na kuku kwapani. Yasinta alimkuta amesimama nje ya darasa, kofia mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu. Hujambo na kazi?"

"Sijambo. Karibu."

"Nimekaribia. Mimi ni baba yake Eliana. Nimekuja kwa habari yake huyo."

"Eliana hana tatizo," Yasinta alisema haraka, kama kawaida yake. "Yuko uwanjani na wenzake. Nimwite?"

Mzee alimtazama. "Yuko uwanjani?"

"Ndiyo, baba. Asubuhi nimeita majina, yupo."

"Labda ni Eliana mwingine," mzee alisema kwa upole, kama mtu anayemfunika mwenzake asiaibike. "Huyu wetu yuko nyumbani, mwalimu. Tangu mlipofungua shule hajaja."

Shule ilikuwa imefunguliwa siku tisa. Kwenye daftari la mahudhurio Eliana alikuwa na vema tisa.

Sauti ya Eliana ya kusema "Nipo" ilikuwa ndogo mno, kiasi kwamba tangu Januari Theresia ndiye aliyekuwa anamsemea. Yasinta anaita, macho kwenye daftari, Theresia anapaza sauti, "Yupo!" Vema. Jina linalofuata. Baadaye siku hiyohiyo, Theresia alipoulizwa, alilia mpaka akapaliwa. "Nilidhani kesho atakuja," alisema. "Nilimwekea nafasi yake."

Lakini hilo lilikuwa baadaye. Pale nje ya darasa Mzee Alute alikuwa na maneno yake aliyoyapanga njiani, akayatoa mpaka mwisho.

"Mwalimu, ripoti tulisomewa na mtoto wa ndugu yangu. Akasoma namba, akafika pale kwako: hasikii. Tukatazamana. Tukasema, kumbe! Maana hata nyumbani unamwita, anakawia kujibu, tukadhani ndivyo alivyo. Kumbe masikio. Wewe umekaa naye miezi sita ukaona. Sisi tumemzaa hatukuona."

Yasinta alifungua mdomo.

"Mama yangu anajua dawa ya masikio," mzee aliendelea. "Mafuta ya alizeti, unayapasha moto kidogo, unadondoshea. Siku ya kwanza hakuna kitu. Ya pili hakuna kitu. Ya tatu mama akaona labda hayajashika moto vizuri, akayaacha jikoni zaidi." Alihamisha kuku kwapa la pili. "Sikio la kulia limeungua ndani. Lilitoa usaha. Muuguzi wa zahanati amesafisha, ametia pamba, anasema likauke ndipo wajue linasikia kiasi gani. Lakini mama anasema, heri tulivyojua mapema kwamba ni kiziwi. Wapo wazazi wanaojua mtoto amekuwa mkubwa."

"Baba..."

"Ninaambiwa ziko shule za viziwi huko mbali. Jumatatu nampeleka, akakae kwa ndugu yangu anayezijua ofisi za huko. Naomba barua yako, mwalimu. Uandike tu kama ulivyoandika, kwamba hasikii. Nitaipitia Jumatatu asubuhi, basi halijaondoka." Akamnyooshea kuku kwa mikono miwili. "Pokea. Kuku wa mwalimu huyu. Sisi hatuna kingine cha kukushukuru."

Mdomo wote ule, sauti yote ile, na kilichotoka ni, "Asante, baba."

Akapokea kuku.

*

Ijumaa jioni Yasinta alimwacha Festo kwa jirani yake Mama Editha na kwenda mjini kwenye darasa la watu wazima wanaotafuta cheti cha kidato cha nne. Yeye alikuwa mmoja wa walimu waliochukuliwa wakiwa darasa la saba tu, miaka ile watoto walipokuwa wengi kuliko walimu, na kidato cha nne alikitaka kama mtu anavyotaka maji. Maduka aliyoyapita yalikuwa yamejaa sabuni za kila rangi na redio za kila ukubwa. Miaka michache tu nyuma watu walipanga foleni kwa kipande cha sabuni. Usiku ule hakuviona.

Mwalimu wao wa jioni, Ezekieli, alikuwa kijana machachari, hakai, anarusha maswali huku anatembea. Yasinta alimpenda tangu siku ya kwanza, na hakuwahi kujiuliza kwa nini katika darasa lake hajawahi kujibu hata mara moja.

"Dada Yasinta! Kwa nini mvua ya Singida ni haba? Haraka haraka!"

Alilijua jibu. Alilisoma Jumapili nzima. Alianza kulipanga: kwanza upepo, unatoka wapi, halafu umbali na bahari, halafu...

"Dada Yasinta betri zimeisha! Nani mwingine?"

Darasa lilicheka. Yasinta naye alicheka, meno nje, kisha meno yakabaki nje bila kicheko. Alitazama chini, sakafuni, na alipogundua kwamba ametazama sakafuni, akajua ni nani mwingine anayetazama hivyo.

Lile jibu alirudi nalo mpaka Mandewa, zima, halijaguswa. Nyumbani aliwasha kibatari, akatafuta pochini ile karatasi ya semina. Mikunjo ilikuwa imekula baadhi ya maneno, lakini sanduku la tatu lilisomeka. *Mtaratibu: husikia yote. Hujibu baadaye, akipewa muda. Mwalimu mchangamfu humwona mzito, kwa kuwa hatazami saa kuona amengoja muda gani.*

Alitoa karatasi nyingine, akaanza kumwandikia Mzee Alute. Aliandika mistari mitano akaichana. Atakayeisoma ni yule mtoto wa ndugu yake, na karatasi ndiyo iliyoleta haya. Safari hii itabidi iwe mdomo.

Na mdomo nao uliogopa. Alijiambia kwamba labda Mwalimu Antipasi angeweza kwenda badala yake, ni mtu mzima, anajua Kinyaturu. Alijiambia kwamba labda hilo sikio lilikuwa bovu tangu zamani, nani anajua. Alijiambia mambo mengi, na kila alipomaliza moja, chini ya meza zilijibu kucha. Kwaru.

*

Asubuhi alimbeba Festo mgongoni, kuku kwapani, yai kwenye kitambaa, na kitabu cha kusomea cha darasa la pili kwenye mkoba. Upepo wa Julai ulikuwa unapuliza toka ziwa la Singida, unapitisha vumbi katikati ya mawe.

"Mama, tunampeleka wapi kuku wa mwalimu?"

"Kwao."

"Amekosa nini?"

"Yeye hajakosa, baba. Mama ndiye amekosa."

"Utachapwa?"

"Sijui."

Festo alifikiri hilo kwa hatua kadhaa. "Nitashika kuku wakikuchapa," alisema.

Nyumba ya Mzee Alute ilikuwa tembe ndefu iliyojibanza kwenye jabali. Mzee mwenyewe alikuwa nje anatengeneza mlango wa zizi. Mama yake, bibi aliyejikunja lakini mwenye mikono mikubwa, alikuwa anapepeta uwele mkekani. Na kando ya ukuta, juani, Eliana alikuwa amekaa, pamba nyeupe kwenye sikio la kulia, anaokota mawe ya ndani ya uwele moja moja, polepole, haachi hata moja.

Yasinta alimshusha Festo, akamwamkia mzee, akamwamkia na bibi, akapiga magoti kabisa. Alipewa kigoda. Hakukikalia.

"Baba, barua sikuiandika," alisema. "Na sitaiandika."

"Una tatizo gani, mwalimu? Kama ni karatasi, nitatafuta."

"Eliana si kiziwi."

Mzee Alute aliweka panga chini. "Umeandika wewe."

"Niliandika vibaya. Kwetu tukisema mtoto hasikii, tunasema hachangamki, hafuati. Sikuwa nasema masikio. Na hata hilo nililotaka kusema halikuwa kweli. Nilikuwa namuuliza, kabla hajajibu nakwenda kwa mwingine. Siku zote. Hata alipokuwa hayupo darasani sikujua kwamba hayupo."

"Kwa hiyo masikio yake yalikuwa mazima."

"Ninavyojua mimi, baba, yalikuwa mazima."

"Siku ile ya ripoti."

"Siku ile ya ripoti."

Mzee alikaa kimya. Yasinta alitaka kuujaza ule ukimya kwa maneno, maneno kumi yalikuwa tayari ulimini, akayameza.

"Mimi ndiye niliyemshika kichwa," mzee alisema hatimaye. "Mama anamimina, mimi nimeshika. Hakulia. Nikamwambia mama, unaona, huyu hata maumivu hasikii." Alifuta mikono kwenye suruali, ingawa haikuwa na kitu. "Kwetu mtoto hamrukii mkubwa maneno. Anaulizwa, anafikiri, ndipo anasema. Sisi wenyewe tumemfundisha. Nilijua, mwalimu. Lakini karatasi ya shule ilipotamka, nikaamini karatasi."

Bibi aliuliza jambo kwa Kinyaturu. Mwanawe hakujibu. Akauliza tena, mkali.

"Anataka kujua umeleta habari gani," Mzee Alute alisema, sauti imeshuka. "Mimi siwezi. Mtu wa umri ule, nimwambie ameunguza sikio lililokuwa zima? Mwambie wewe."

"Sijui Kinyaturu, baba."

"Basi mwambie hivyohivyo."

Yasinta alisogea kwa magoti mpaka ukingoni mwa mkeka. "Bibi," alisema, "kosa ni langu. Si lako. Langu." Aligusa sikio lake mwenyewe, akaelekeza kidole kwa Eliana, akatikisa kichwa: halikuwa bovu. Bibi alimtazama bila kuelewa. Ndipo Yasinta akatoa kalamu kwenye mkoba, ileile ya ripoti, akaiweka juu ya uwele, akajigusa kifua kwa nguvu, mara mbili.

Bibi aliitazama kalamu. Akatazama pamba. Akamtazama mwanawe, na mwanawe akatazama zizi. Mikono ile mikubwa ikaacha ungo.

Aliinuka kwa shida akaingia ndani. Alikaa huko muda mrefu, mpaka Festo akauliza kwa sauti ya chini, "Ameenda kuchukua fimbo?" Aliporudi alikuwa na kikopo. Akasimama mbele ya Yasinta, akakiinamisha, na mafuta ya alizeti, ya dhahabu, ya kutosha kupikia wiki nzima, yakamwagika udongoni mbele ya magoti ya mwalimu mpaka tone la mwisho. Akamchukua kuku kwapani mwa Yasinta, akamfungua kamba, akamwachia. Yai alilipokea pia. Kisha akarudi kukaa, akiwa amempa mgeni mgongo.

Kuku alijitikisa manyoya, akaanza kuchakura. Hapa udongo ulikuwepo.

"Jumatatu je, baba?" Yasinta aliuliza.

"Sijui, mwalimu. Huenda wakati ule alikuwa anasikia. Sasa hivi nani anajua? Tangu aungue hajasema neno. Ukimwita anakutazama tu. Kama hasikii kweli, nitamweka hapa afanye nini? Jumatatu ataondoka."

Yasinta alisimama. "Eliana!" aliita, ile sauti ya darasani, na akapiga makofi. "Eliana! Mwalimu huyu! Nani amekuja?"

Mtoto aliinua macho, akamtazama, akainamisha. Akaokota jiwe kwenye uwele.

"Unaona," Mzee Alute alisema.

Yasinta alitaka kuita tena, kwa nguvu zaidi, karibu zaidi. Mikono ilikuwa tayari imepanda kupiga makofi. Akaishusha. Akamkumbuka mzee mmoja anayesimama dirishani, mikono nyuma.

Alikwenda akakaa chini ukutani, upande wa sikio lenye pamba, hatua mbili tatu kutoka kwa mtoto. Hakumtazama. Alitazama mawe. Bibi alipepeta, upepo ukapita, mbuzi mmoja akalia zizini. Kukaa kimya namna ile kulimuuma Yasinta kama kazi ya jembe. Festo akachoka, akaja kumpandia mapajani.

"Mama, nisomee."

Akafungua kitabu. Kilikuwa na picha ya mzee na mbuzi wake. Alisoma kwa sauti ndogo, ya nyumbani, lakini ulimi ulikuwa na mazoea yake ya mbio, na macho yalikuwa yamejaa machozi.

"Yeremia ana mbuzi watatu. Mbuzi wa kwanza ni mweusi. Mbuzi wa tatu ana madoa. Yeremia anawapenda mbuzi wake wote." Akashika pembe ya ukurasa afunue.

Kidole kidogo chenye vumbi la uwele kilitokea pembeni, kikatua katikati ya ukurasa, kikabaki hapo.

Yasinta hakufunua. Alingoja, akitazama mawe, akihesabu pumzi zake, na pale zizini Mzee Alute naye alikuwa amesimama, panga mkononi, hatikisiki.

"Mwalimu," Eliana alisema, "umeruka mstari."